Bega la Kushoto la Mzee Karekezi

Rugu, 1986

Jumapili, 11 Mei

Tumerudi kutoka Kiruruma jioni hii, tope mpaka magotini. Tulikwenda kumaliza mazungumzo ya posa ya kaka yangu Yustus kwa Kantengwa, binti wa mzee Karekezi. Mimi nilibeba kikapu cha kahawa ya kutafuna, nikakaa na wanawake karibu na mlango, mahali pazuri pa kuona.

Nilichoona ni hiki. Mzee Karekezi hakusimama kutupokea. Alikaa pembeni, ubavu wa kushoto ukigusa ukuta, blanketi limemfunika mpaka shingoni ingawa chumba kilikuwa na joto la watu wengi. Alitusalimia kwa mkono wa kulia, akapokea rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mkono wa kulia, na alipotaka kahawa mwanawe Fidele alimshikia kikapu kana kwamba anamhudumia mfalme. Familia hiyo ilitoka Rwanda kabla sijazaliwa, imelima mashamba ya watu mpaka ikapata lake. Nyumbani kwetu husemwa kwamba bado wana kiburi cha ng'ombe wasiokuwa nao tena. Mimi sikuwahi kusema hivyo. Lakini leo nilimsubiri asimame, na hakusimama.

Kuhusu mahari hakubishana. Mambo yote yalipokwisha akasema, "Nina neno moja. Siku ya kumtoa binti yangu nataka koti. La kitambaa kile kile atakachovaa Rwegoshora."

Rwegoshora ni baba yangu. Akacheka. "Mzee mwenzangu, watu watatuita mapacha."

"Waite. Jora moja, mkasi mmoja. Bila koti hilo sisimami kumtoa mtoto."

Hapo Yustus, ambaye mdomo wake hutangulia miguu, akatangaza kwamba makoti yote yatashonwa na dada yake msomi. Wote wakanigeukia. Kantengwa alinitazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

Nimelala chali nikifikiri neno lile, sisimami. Mtu asiyetaka harusi huanza kwa kuweka sharti ambalo litavunjika lenyewe.


Jumatano, 14 Mei

Mvua. Nimelifuta vumbi cherehani la marehemu bibi. Mkanda umekatika, Yustus amefunga ukanda wa ngozi ya mbuzi, na linazunguka likinung'unika. Shuleni, kwenye sayansi kimu, nilishona aproni, foronya na sketi moja iliyopata alama nzuri kwa sababu mwalimu hakuipindua.

"Koti ni sketi yenye mikono," anasema Yustus.

"Basi livae kiunoni."


Jumapili, 18 Mei

Jana tulikwenda Kayanga kununua kitambaa. Kijivu, kizito, kizuri mno. Mafundi wote wa sokoni wamejaa kazi. Kahawa ikivunwa kila mtu anaoa. Mmoja alinionea huruma. "Tafuta koti la zamani la kila mwenye kushonewa," alisema, "ulifumue, vipande vyake ndivyo ramani." Nimempelekea mzee Karekezi salamu, aje kupimwa au aniite nimpime.


Jumapili, 25 Mei

Fidele amekuja peke yake baada ya ibada. Ni kijana mrefu, mtaratibu, anayejibu baada ya kukuacha ungoje.

"Shemeji, baba hapimwi."

"Kwa nini?"

"Anasema kamba humpima mtu wa kuzikwa."

"Nitatumia futi ya fundi, si kamba."

"Nilimwambia. Akasema futi ni kamba iliyosoma." Akafungua kanga akatoa koti la zamani. "Amesema ufuate hili. Usiongeze, usipunguze."

Alisema hayo mara mbili. Alipoondoka nikalitandaza mezani. Lilikuwa jeusi zamani; sasa lina rangi ya majivu yaliyonyeshewa. Limeshonwa lote kwa mkono. Nikalikunja katikati ya mgongo ili upande mmoja ulalie mwingine, na pande hazikukutana. Mkono wa kushoto ni mfupi. Bega la kushoto lina kitu kinene ndani, kama mtu ameficha andazi. La kulia ni jembamba.

Ama koti hili si lake, wameazima popote na kunitupia. Ama ni lake, na limeharibiwa ili niige uharibifu. Nikishona hivi, mbele ya watu wote itasemwa kwamba nyumba ya Rwegoshora imemvisha mkwe wake kituko, naye atapata sababu ya kukaa kitako. Na nyumba ya Rwegoshora maana yake ni mimi.


Jumapili, 1 Juni

Nimelifumua. Mwenye kushona alikuwa na mkono wa subira. Kila mshono umerudiwa. Nilipofika kwenye bega la kushoto nikatoa kile kitu: vipande vya blanketi vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, katikati nyuzi za mgomba zilizopondwa mpaka zikawa laini kama nywele, na vyote vimefungwa kwa uzi mwekundu uliopishana huku na huku. Kina umbo. Kimebonyea upande mmoja kama kiota cha kuku.

Mama aliingia na sufuria mkononi. Akasimama palepale.

"Renatha, weka chini."

"Ni matambara, mama."

"Matambara hayafungwi hivyo. Kitu kilichofungwa kwa uzi mwekundu hakishikwi ovyo na mtoto wa watu. Bega la pili nalo linacho?"

"Halina."

"Basi."

Sikubishana. Mimi siamini mambo ya hirizi, nimesoma mpaka kidato cha sita. Nilikichukua kwa kijiti, nikakipeleka mwisho wa shamba, nikakiweka chini ya mgomba na kukifunika kwa majani makavu. Kisha nikanawa mikono, nikanawa tena.


Jumanne, 3 Juni

Nimeamua. Sitashona kosa la mtu mwingine. Nitachukua upande wa kulia wa koti lile, ulio sahihi, na kuukata mara mbili. Mabega sawa, mikono sawa. Wakitafuta dosari waitafute.


Jumamosi, 7 Juni

Mvua zimekwisha. Kahawa imeanikwa kwenye mikeka uani, na mimi na mama tunafukuza mbuzi kwa zamu. Koti la Yustus limepigwa bandi, mishono ya muda tu.


Alhamisi, 12 Juni

Nimepachika mikono ya koti la Yustus kinyume. Wa kushoto kulia, wa kulia kushoto, viwiko vinatazama mbele. Msimamizi wake, Gaudiosus, alilivaa akatembea uani akipunga mikono nyuma.

"Fundi, nikivaa hivi nitamkumbatia mtu aliye mgongoni kwangu."

"Ndivyo utakavyoshika pete," Yustus akamwambia, "ili usiione ukaitamani."

Nilicheka pia. Usiku nilifikiri kwamba Gaudiosus ana binamu aliyeolewa Kiruruma. Habari ya mikono ile itafika huko kabla ya kahawa kukauka.


Jumamosi, 21 Juni

Imefika. Nimekutana na Kantengwa sokoni Kayanga, akiwa na Fidele. Alinisalimia vizuri, akaulizia nyumbani, akaulizia cherehani. Kisha:

"Wifi, koti la baba umelifuata lile la zamani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu." Alitazama miguu yake. "Umelifuata?"

"Nalishona vizuri. Atapendeza."

Akafungua mdomo aseme zaidi, Fidele akamwita kwa Kinyarwanda, neno moja fupi, naye akafunga mdomo. Mtu asiye na jambo haulizi mara mbili. Na mtu asiye na jambo haitwi hivyo.

Nyumbani nilimwuliza Yustus kama amewahi kumwona mkwe wake akitembea.

"Mara nyingi."

"Anatembeaje?"

"Kwa miguu, Renatha."

"Bila blanketi?"

Akafikiri. "Bila blanketi sijamwona. Una nini wewe? Unamwoa yeye au namwoa binti yake?"


Jumatano, 25 Juni

Vumbi. Sindano imevunjika.


Jumapili, 29 Juni

Koti la baba limekwisha. Alilivaa kwenda kanisani na akakataa kulivua kwa chakula. Mama anasema kola imekaa kama ya dukani. Nimejifunza kutia kanvasi kifuani bila kuikunja, na kuilaza bitana kwa pasi ya mkaa kabla ya kuishona. Ninaona haya kuandika, lakini nimeanza kuipenda kazi hii. Mikono yangu sasa inajua vitu ambavyo sikuiambia.


Jumapili, 6 Julai

Fidele amekuja tena. Alisema alikuwa anapita. Hakuna njia inayopita kwetu kwenda popote. Koti la baba yake lilikuwa limening'inia kwenye msumari, limebaki vifungo. Alilizunguka. Hakutazama kola wala mifuko. Alikwenda moja kwa moja kwenye bega la kushoto akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Humu ndani umeweka nini?"

"Sponji. Kama upande wa pili."

"Kama upande wa pili," akarudia.

"Kuna kasoro?"

Akaningojesha. "Ni koti zuri, shemeji."

"Lakini?"

"Nimekatazwa maneno mengi. Nakuomba jambo moja tu. Umpelekee mwenyewe. Mapema, si asubuhi ya harusi."

Mama alimletea kahawa ya kutafuna. Alichukua punje moja akaishika mkononi mpaka alipoaga. Niliikuta chini ya kiti.

Nimemwambia mama hawa watu wanapanga kitu. Mama akasema, "Na kile kitu ulikitupa mbali?" Tumeishi pamoja miaka yote na leo ndiyo mara ya kwanza tunashuku jambo moja kwa sababu mbili tofauti.


Jumapili, 20 Julai

Tangazo la ndoa limesomwa kanisani. Watu wanasema kuna mtu wa Kyerwa aliyemtaka Kantengwa kabla ya Yustus. Nani anasema? Watu.


Jumapili, 27 Julai

Makoti yote manne, la Gaudiosus likiwa la mwisho, yamepigwa pasi. Sikuenda Kiruruma wiki hii. Nilisema nina homa. Sikuwa na homa.


Jumapili, 3 Agosti

Nimekwenda. Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kichwa changu kinataka kuruka mbele.

Yustus alinipeleka kwa baiskeli, akabaki njiani kwenye mgomba wa kwanza, kwa kuwa bwana harusi haingii kwa wakwe wiki ya harusi. Niliingia peke yangu. Mzee Karekezi alikuwa pale pale pembeni, blanketi shingoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fundi amefika." Alitabasamu kidogo. "Kantengwa, mpe mgeni kiti. Fidele, njoo unisaidie."

Na mbele yangu akavua blanketi.

Bega lake la kushoto halipo mahali mabega yanapokaa. Limeshuka na kuingia ndani, kana kwamba mtu aliweka kiganja juu yake akakandamiza na hakuondoa. Mfupa wa mtulinga umeungana vibaya, unasimama chini ya ngozi kama kifundo cha mwanzi. Mkono wenyewe haunyooki. Umekunjika kiwikoni, kidole gumba kikigusa tumbo.

Fidele akamvisha koti langu.

Upande wa kulia ulikaa kama ulivyokaa kwa baba. Upande wa kushoto ulianguka. Kola ikaachana na shingo, pindo likashuka kuelekea goti, na mkono wa koti ukamfunika vidole vyote. Sponji yangu ilisimama hewani juu ya shimo. Blanketini alikuwa mzee aliyekaa pembeni. Ndani ya koti langu alikuwa mtu aliyevunjika, na mimi ndiye niliyemwonyesha.

Hakuna aliyecheka. Ningependa mtu acheke.

"Nilisema ufuate lile," akasema.

"Niliona limekosewa, baba."

"Hukuona. Ulisahihisha." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayemwambia mwingine njia ilipo. "Ni koti zuri. Mwenyewe ni mtu mwingine." Akaanza kulivua kwa mkono mmoja, akakwama, Fidele akamsaidia. "Jumamosi Fidele atamtoa dada yake. Mimi nitakaa ndani. Mwambieni Rwegoshora naumwa."

Kantengwa akatoka nje haraka, nami nikamfuata. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, uso umegeukia migomba.

"Mlijua," nikamwambia. "Mlijua wote, mkaninyamazia."

"Alitukataza. Tulimwambia, baba, wifi hakujui, mwambie. Akasema fundi mwenye macho ataona mwenyewe, na asiye na macho hata akiambiwa atashona huruma." Akajifuta. "Alibeba magunia ya kahawa ya watu wa huko kwenu, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Gunia lilimwangukia kutoka juu ya lori. Mfupa ukaunga wenyewe. Mama akamshonea lile koti ili awe anasimama kanisani kama wengine. Kila mwaka bega lilishuka, kila mwaka alifumua akaongeza tabaka. Sasa mama hayupo wa kuongeza."

Tabaka juu ya tabaka. Uzi mwekundu.

Niliyaona yote. Ukuta, blanketi, mkono mmoja, mkono mfupi wa koti, kidole gumba cha Fidele. Hakuna hata moja lililonipita. Nimeyaandika humu humu kwa mkono wangu. Nikakosa jambo moja tu, kwamba mtu anaweza kuficha kitu bila kunifichia mimi ubaya.

Nikarudi ndani.

"Baba, naomba nikupime."

"Mimi sipimwi kwa kamba."

"Kwa mkono."

Alinitazama muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini. Kama alitafuta huruma, nilijitahidi nisiwe nayo. Kisha akageuza kiti, ubavu wa kushoto ukatoka ukutani ukanijia mimi.

Nilimpima kwa vidole na kwa shubiri, kutoka shingoni mpaka mfupa ulipovunjika, kutoka mfupa mpaka kwapani, kutoka kwapani mpaka kiwiko kilichokunjika. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Alifumba macho.

"Ile ya ndani," akauliza nilipomaliza, "iko wapi?"

"Iko nyumbani, baba."

Hakufumbua macho. "Vizuri."


Jumatatu, 4 Agosti

Nilimweleza mama kabla ya chai. Alifunga kanga kiunoni akatangulia shambani.

Majani yalikuwa yameongezeka, kila mgomba ulifanana na mwenzake. Tulifunua shina moja baada ya jingine. Tulipokiona, upande mmoja mchwa walikuwa wamekula, blanketi limekuwa unga. Upande wa pili ulibaki mzima, na uzi mwekundu bado umekaza.

Niliogopa kukigusa, si kwa sababu ya zamani. Mama ndiye aliyekiokota, kwa kiganja kitupu, akakipuliza udongo polepole kama mtu anayempuliza mtoto jicho.

"Alikuwa fundi, huyu mwanamke," akasema.

Jioni baba alikuta nimetandaza vitu mezani. Alisikiliza yote. Kisha akatafuta kwenye kapu la mabaki, akatoa vipande vilivyokatwa kwenye koti lake mwenyewe.

"Hivi vitatosha kujaza palipoliwa?"

"Vitatosha."

"Jora moja alisema, si ndivyo?"


Alhamisi, 7 Agosti

Nimefumua upande wote wa kushoto na kuushona upya kwa mkono. Pande za koti hazikutani ukizikunja. Fidele amelichukua.


Jumapili, 10 Agosti

Jana Yustus ameoa.

Tulifika Kiruruma asubuhi, jua halijawa kali. Tuliimba mlangoni, tukanyamaza, kama desturi, tukingoja baba wa binti atoke. Tulingoja. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba mzee anaumwa, na mwingine akanong'ona kwamba si ugonjwa. Ilikuwa sauti yangu ya miezi yote, imetoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Mzee Karekezi akatoka akiwa amemshika Kantengwa kwa mkono wa kulia.

Alisimama kizingitini bila blanketi. Kola ilikuwa imelala shingoni. Mabega yalikuwa mawili. Mkono wa kushoto ulikunjika tumboni kama wanavyokunja wazee wenye heshima zao, na mkono wa koti uliishia kwenye kifundo cha mkono. Baba yangu akasogea akasimama kando yake, kijivu kwa kijivu. Watu wakapiga vigelegele.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nikikagua nyuso, moja baada ya nyingine, nimjue yeyote anayetazama upande wa kushoto. Wote walikuwa wanamtazama bibi harusi. Aliyekuwa akitazama bega lile ni mimi peke yangu.

Baada ya chakula aliniita. Nikapiga goti kando ya kiti chake. Safari hii kilikuwa katikati ya wageni, mbali na ukuta.

"Ile ya ndani naijua," akasema. "Ila haikurudi yote. Na ina harufu ya udongo."

Ningeweza kusema lolote. "Niliitupa, baba. Mgombani. Nilidhani ni kitu kibaya. Mchwa walikula upande mmoja."

Akatafuna kahawa yake.

"Palipoliwa umeweka nini?"

"Vipande vya koti la baba yangu. Alivitoa mwenyewe."

Alitazama ng'ambo ya ua, ambako baba alikuwa akicheza vibaya na Gaudiosus. Kisha akalipandisha bega la kushoto kidogo, kadiri linavyoweza, akalishusha, kama mtu anayepima mzigo kabla ya safari.

"Mwakani litakuwa limeshuka tena," akasema. "Utakuja kuongeza."

Nilimtazama usoni nijue kama ni amri au ni ombi. Sikujua. Nikasema nitakuja.